Ritani ya Marekani nikiwa kwenye kilio Lubumbashi: barua ya kuomba muda naipeleka wapi?

Mwana_Katuba

Jambo yenu wote.

Niko Lubumbashi tangu mwezi wa tatu, nilikuja kuzika baba. Makao yangu ni Cedar Rapids, jimbo la Iowa. Nina grinikadi, nafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nafaka. Tikiti ya kurudi nimeisogeza mpaka mwezi wa tano, maana kilio kimeisha lakini vikao vya ukoo ndiyo kwanza vinaanza, na wazee wetu hawapendi kuharakishwa.

Sasa tarehe 15 Aprili inakaribia na ritani yangu ya kodi ya Marekani, ile fomu ya kutangaza mapato na kodi ya mwaka, haitakuwa tayari. W-2, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato, ninayo, dada yangu kule alifungua bahasha akanitumia picha. Kinachonishinda ni nyumba. Nina lupango, yaani kiwanja chenye nyumba, hapa Kampemba, milango mitatu ya kupangisha, na baba ndiye alikuwa anapokea pesa za wapangaji na kuziandika kwenye kaye, daftari lake. Mzee alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, miaka mingi, mtu wa hesabu, hakuna franka iliyompita bila kuandikwa. Lakini aliandika kwa njia yake: herufi mbili za jina la mpangaji, namba, msalaba mdogo pembeni, mara nyingine mshale unaokupeleka ukurasa wa nyuma. Mahali pamoja kuna "K.M. 150 – 40 bomba". Nadhani mpangaji alitengeneza bomba, na baba akamkatia kwenye pango. Mahali pengine kuna "deni +", basi, bila namba wala jina. Mama anakumbuka mengine. Yaliyobaki lazima niwaulize wapangaji wenyewe, na mmoja wao amehamia Kolwezi na simu yake haipatikani.

Kwa hiyo nimeandika barua ya kuomba muda. Kurasa mbili kwa Kifaransa, shemeji yangu atanitafsiria kwa Kiingereza. Nimeeleza msiba, nimeambatisha cheti cha kifo kutoka komini, nakala ya tikiti na picha za kaye ili waone wenyewe kwamba sitafuti njia ya kukwepa.

Naomba mnisaidie: barua hii inakwenda biro gani ya IRS, wale wa kodi wa Marekani? Kuna bwana mmoja mjini anasema ataniombea huo muda kwa dola 60, je, ni lazima kupitia mtu kama yeye? Halafu huku kila mtu ana lake. Kanisani wameniambia nisihangaike, aliye nje ya Marekani ana mpaka 15 Juni bila kuomba. Jirani anasema ukiomba muda unajitia alama, watakuja kukukagua. Na shemeji anasema nikishapewa muda, hata pesa yenyewe nitalipa Oktoba. Nimsikilize nani?

Yaya_Berna

Pole sana mdogo wangu. Mungu ampumzishe mzee.

Niko Iowa City, na kila msimu wa kodi ninajitolea kwenye VITA, ule mpango wa IRS ambapo watu wa kipato cha kawaida wanatengenezewa ritani bure. Hali kama yako inatufikia kila mwaka, maana watu wetu ndio hao: misiba, harusi na vikao vya ukoo haviangalii kalenda ya Marekani.

Barua usiitume. Si kwamba imeandikwa vibaya. Hakuna wa kuisoma, basi. Kinachotakiwa ni Fomu 4868, na hiyo fomu ina mistari tisa. Jina na anwani, namba ya Social Security, unakadiria kodi yako ya mwaka mzima ni kiasi gani, umeshakatwa kiasi gani, kinachobaki ni kiasi gani, na leo unalipa kiasi gani. Mbele kidogo kuna viboksi viwili vya watu wa hali maalumu. Imeisha. Haiulizi nani amekufa, haiulizi uko wapi na kwa nini. Hata mahali pa saini hapamo. Najua inashangaza. Sisi tumekua tukiona kwamba ombi lisilo na sababu ni kukosa adabu, na ombi lisilo na kashe, ule muhuri, ni karatasi tu. Kule, ukiipeleka kabla ya siku yenyewe na makadirio yako yakawa ya kweli kadiri unavyojua, muda umeshaupata: mpaka 15 Oktoba. IRS haitakuandikia kukwambia imekubali. Ikikataa ndipo utasikia.

Huyo bwana wa dola 60 mwache na biashara yake. Fomu 4868 inapelekwa bure kwa intaneti kupitia Free File, na kwa fomu hii hawaangalii kipato chako ni kikubwa au kidogo. Dada yako anaweza kukaa nayo kule Cedar Rapids huku mnaongea kwa WhatsApp. Posta usiitegemee. Kisheria tarehe ya muhuri ndiyo inayohesabiwa, lakini ukituma kwa intaneti unapata jibu la kupokelewa, na hilo jibu ndilo unalolitunza.

Jirani yako wa ukaguzi: mamilioni ya watu wanaomba muda huu kila mwaka, wakiwemo matajiri wenye wahasibu wao. Kuomba hakukutii alama yoyote.

Shemeji yako ndiye wa kuangaliwa vizuri, kwa sababu maneno yake yanaweza kukula pesa. Muda unaopewa ni wa kupeleka ritani. Si wa kulipa. Pesa unayodaiwa inatakiwa tarehe 15 Aprili hata kama ritani itafika Oktoba, na riba inaanza kuhesabiwa kuanzia hapo. Chukua mfano mtu anadaiwa dola 800. Asipoomba muda na asipeleke kitu, adhabu ni asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi au kipande cha mwezi, hivyo mwezi wa kwanza ni dola 40. Akiwa ameomba muda lakini hajalipa, adhabu ni nusu ya asilimia moja, yaani dola 4, pamoja na riba. Hizo zote mbili zinapanda mwezi kwa mwezi mpaka asilimia 25. Na asiyeomba muda, akipitisha siku 60, kuna adhabu ya chini iliyowekwa, siku hizi ni zaidi ya dola 500, au deni lote kama ni dogo kuliko hapo. Kwa hiyo hata mtu asiye na senti mfukoni, aombe tu.

Ruashi_Boy

Yaya, miye sikubali juu ya ile ya Juni. Binamu yangu iko na kazi ku kompani ya mine kule Likasi, pasipoti ya Marekani iko nayo, na kila mwaka anatuma mwezi wa sita. Hajawahi kuomba muda, hajawahi kulipa hata franka moja ya faini. Batu ba kanisa hawakudanganya.

Yaya_Berna

Hawakudanganya, ila wamemvika mdogo wetu nguo ya mtu mwingine.

Binamu yako anaishi Likasi na kazi yake iko Likasi. Miezi miwili ya bure, mpaka 15 Juni, ni ya mtu kama huyo: siku ya 15 Aprili makao yake yako nje ya Marekani na kazi yake kuu iko nje pia. Hata yeye anatakiwa kuambatisha maelezo kwenye ritani kuonyesha anastahili, na akiwa na deni, riba inamhesabu toka Aprili, si toka Juni. Akitaka kufika Oktoba analeta Fomu 4868 ile ile kabla ya 15 Juni na kuweka alama kwenye boksi la walio nje ya nchi.

Mwana_Katuba yeye amekuja kilioni. Nyumba anayolipia pango iko Cedar Rapids, kazi inamngoja Cedar Rapids. Kuwa Lubumbashi siku hiyo peke yake hakumpi hiyo Juni. Kwake tarehe ni 15 Aprili, na lile boksi asiliguse.

Kuna na Fomu 2350, ya kuomba muda kwa wanaosubiri kutimiza siku 330 nje ya Marekani ili mshahara wa huku upunguziwe kodi ya kule. Hiyo nayo ni ya binamu na wenzake.

Mwana_Katuba

Yaya, aksanti sana. Nimesoma jibu lako kwa sauti hapa uwanjani, mama amecheka kwa mara ya kwanza wiki hii. "Serikali isiyouliza kwa nini!" Hataki kuamini.

Nimebaki na jambo moja. Fomu inataka makadirio. Sasa nitakadiria namna gani na kaye yenyewe bado inanificha mambo? Nikiandika namba ya chini halafu Oktoba ikatoka kubwa, si watasema nilidanganya? Milango yangu inaleta kama 150, 120 na 100 kwa mwezi, dola, lakini si kila mwezi watu walilipa. Na kuna pesa za garanti, zile mpangaji anazoweka akiingia, ambazo baba aliandika pamoja na zingine zote.

Mhasibu_Kamalondo

Poleni na msiba, ndugu yangu. Mimi ni mhasibu hapa hapa mjini. Kodi za Marekani si shamba langu, nitabaki upande wa kaye.

Usianze kusoma kaye kwa mpangilio wa ukurasa. Chukua karatasi tatu, kila mlango karatasi yake, chora miezi kumi na miwili, halafu mwaga namba za mzee humo. Ile misalaba itajieleza yenyewe. Nimeshafungua kaye za wazee wengi wa Gécamines, na mara nyingi msalaba ni "nimepokea mkononi", mshale ni "amelipa nusu, angalia mbele". Sikuapii kwamba ndivyo baba yako alivyofanya. Lakini ukiona misalaba inaangukia miezi ambayo wapangaji wanasema walilipa, umeshapata ufunguo. Yule wa Kolwezi mtafute kupitia aliyemdhamini alipoingia. Hakuna mpangaji wa Kampemba aliyeingia bila mtu wa kumshika mkono.

Garanti itoe pembeni kabisa. Pesa uliyoshika ili umrudishie mtu siku anatoka si mapato, isipokuwa umekata kitu humo na kubaki nacho. Bomba la dola 40: andika pango 150 limeingia na matengenezo 40 yametoka, usiandike 110 peke yake. Hesabu ya mwisho ni ile ile, lakini atakayekuuliza kesho ataona vyote viwili. Na muulize mpangaji kama bado ana karatasi ya fundi.

Tafuta pia risiti za kodi ya mapato ya pango, ile inayolipwa kwa DRHKAT, biro ya mapato ya mkoa wetu wa Haut-Katanga. Kama mzee aliilipa kwa jina lako, ziko mahali pamoja na karatasi za lupango, wazee hawatengani na karatasi za lupango. Usizitupe. Nasikia kule kuna namna ya kuangalia kodi uliyolipa nje, yaya atasema.

Na usichanganye na mambo ya DGI, wale wa kodi wa serikali ya Kongo. Ile tarehe ya 30 Aprili wanayoiongelea mjini ni ya deklarasio ya mapato ya hapa Kongo. Haina uhusiano na IRS, na kupewa muda upande mmoja hakukupi muda upande wa pili.

Shemeji_Mwenyewe

Mimi ndiye huyo shemeji. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeshautafsiri, na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka, mtu angelia. Kwa kuwa kazi imesimamishwa na uongozi, naomba Simba baridi moja na tusahau. Juu ya pesa nakubali, yaya, nilikuwa najua ya Ufaransa ya zamani zaidi kuliko ya Marekani.

Yaya_Berna

Shemeji, mdai Mwana_Katuba bia yako, mimi siko.

Turudi kwenye makadirio. Makadirio si kiapo. Wanachotaka ni kwamba ulitumia habari ulizo nazo, hukuokota namba hewani. Tufanye yako hapa hapa. Milango mitatu ikilipa mwaka mzima ni 370 mara 12, yaani dola 4,440. Hiyo ndiyo juu kabisa, na wewe mwenyewe unasema kuna miezi haikulipwa. Toa matengenezo, toa uchakavu wa nyumba (kwa nyumba ya nje ya Marekani iliyoanza kupangishwa kuanzia 2018, gharama yake inagawanywa kwa miaka 30, kiwanja hakihesabiwi). Tuseme imebaki faida ya 2,500. Kwa mshahara wa kiwandani wengi wetu tuko kwenye daraja la asilimia 12, hivyo nyumba inakuongezea kodi ya dola 300 hivi. Sasa angalia W-2 yako, kile kisanduku cha 2, kodi uliyokatwa. Kama miaka yote umekuwa unarudishiwa zaidi ya hapo, hiyo 300 itamezwa humo, na mstari wa deni kwenye fomu utaandika sifuri bila kutetemeka.

Kama unaona itabaki kidogo ya kudaiwa, au roho haitulii tu, kuna njia fupi zaidi ya fomu yenyewe. Ingia kwenye Direct Pay ya IRS, lipa kutoka akaunti yako ya benki ya Marekani, na kwenye sababu ya malipo chagua kwamba ni ya nyongeza ya muda. Malipo hayo yanahesabiwa kuwa ombi tayari, Fomu 4868 huhitaji kuijaza tena. Mambo mawili huwa yanawaangusha watu hapo. La kwanza ni mwaka: unachagua mwaka wa mapato, yaani uliopita, si huu tulio nao. La pili, watakuuliza vitu vya ritani ya zamani ili wakutambue, ikiwemo anwani uliyoiandika wakati ule, kwa hiyo dada akae na nakala mkononi. Ukilipa zaidi ya deni, utarudishiwa kwenye ritani. Pesa haipotei.

Na ukishalipa angalau asilimia 90 ya kodi yako yote kufikia 15 Aprili, kwa makato na kwa malipo ya namna hii, kisha ukamalizia salio unapopeleka ritani kabla ya muda wa 15 Oktoba kuisha, ile adhabu ya kuchelewa kulipa haikugusi. Riba kidogo ndiyo inabaki.

Risiti za DRHKAT mpe atakayekutengenezea ritani, aangalie kama zinaingia kwenye Fomu 1116, ile ya kuhesabiwa kodi uliyolipa nje. Usijaze hiyo peke yako usiku wa manane. Na nyumba ya kupangisha ya nje kwa kawaida haimo katika kazi tunazoruhusiwa kufanya VITA, kwa hiyo tafuta mtu wa kulipwa mwenye kuielewa. Una mpaka Oktoba wa kumpata, usimkimbilie wa kwanza.

Swali langu kwako: pesa za wapangaji baba aliziweka wapi?

Mwana_Katuba

Nyingine kwenye akaunti ya dola hapa benki, kwa jina langu, baba alikuwa na ruhusa ya kutia saini. Sasa hivi hata michango ya kilio imepita humo. Nyingine alizitumia kwa mafuta ya gari na karo za watoto wa marehemu kaka, na hizo nazo ameziandika.

Dada ametuma fomu jana jioni kwa saa za kule, mimi nilikuwa nimeshalala. Asubuhi nimekuta jibu kwamba imepokelewa. Mstari wa deni tumeandika sifuri, maana makato ya kiwandani yanazidi. Je, Iowa wenyewe wana fomu yao?

Yaya_Berna

Vizuri. Alitunze hilo jibu kwenye barua pepe na alichape pia.

Iowa hawana fomu ya kuomba. Tarehe yao ni 30 Aprili, na kama umeshalipa angalau asilimia 90 ya kodi ya jimbo kufikia siku hiyo, unapata mpaka 31 Oktoba bila kusema neno. Angalia makato ya jimbo kwenye W-2, kisanduku cha 17, yakitosha usifanye kitu. Yakipungua, lipa tofauti kabla ya 30.

Akaunti ya dola: jumlisha akaunti zako zote za nje ya Marekani, chukua siku ambayo kila moja ilikuwa juu kabisa mwaka uliopita. Jumla ikipita dola 10,000, unatakiwa kupeleka FinCEN 114, ripoti ya akaunti za nje. Hiyo haiendi na ritani, ina mahali pake kwenye intaneti. Tarehe yake ni 15 Aprili vilevile, lakini anayechelewa anapewa mpaka 15 Oktoba bila kuomba. Michango ya kilio imeingia mwaka huu, kwa hiyo itaangaliwa mwakani, hata kama pesa yenyewe ni ya ukoo na si yako. Omba benki taarifa ya mwaka mzima kabla hujapanda ndege, ukiwa umesimama pale dirishani na kitambulisho mkononi. Ukiwa Cedar Rapids itakuwa kazi nyingine.

Na karo za watoto wa kaka hazipunguzi mapato ya nyumba. Matumizi ya familia yaandike karatasi ya nne.